Buti la Rocky: mtunzi wa gemu aliyegeuka mwalimu

Mmarekani Warren Robinett anakumbukwa kwa utundu mmoja: aliandika jina lake kwa siri ndani ya gemu ya mwajiri wake. Kisa hicho ni kitamu, na filamu ya Ready Player One ya mwaka 2018 ilikifikisha hata kwa vijana ambao hawajawahi kuiona mashine ya Atari. Lakini miaka michache baadaye mtu huyohuyo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaupita utundu ule kwa mbali. Aliichukua gemu yake ya mazimwi na makasri, akaigeuza kuwa darasa.

Alijiunga na kampuni ya gemu ya Atari huko California mwishoni mwa 1977, akiwa na shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kutoka Berkeley. Zama hizo gemu nzima ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyebuni mchezo, akachora picha, akatafuta sauti na kuandika programu hadi mwisho. Shule ya kumfundisha hayo haikuwepo. Na mashine yenyewe, Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, huku programu yote ikitakiwa kuenea kwenye katriji ya kilobaiti 4. Ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 hutumia baiti 140, kwa hiyo usingeenea katika kumbukumbu hiyo.

Mwaka 1978 Robinett alikutana na gemu ya maandishi matupu, Colossal Cave Adventure, iliyokuwa ikichezwa kwenye kompyuta kubwa za vyuo. Mchezaji alitembea mapangoni kwa kuandika amri, akaokota vitu na kupambana na viumbe. Robinett akataka kuyaleta hayo kwenye televisheni ya sebuleni. Bosi wake alimwambia aachane na wazo hilo, maana gemu ile ilihitaji kumbukumbu kubwa mno. Hakuacha. Gemu yake, Adventure, ilipotoka, mchezaji alikuwa kijiraba cha rangi, basi. Mazimwi yalifanana na bata. Hata hivyo ulikuwa ulimwengu wa vyumba vingi, wenye vitu vya kubeba na kuacha popote, na popo aliyeendelea kuiba vitu hata katika vyumba ambavyo huvioni. Kumbuka kijiraba hicho na vitu hivyo vya kubeba.

Katriji zipatazo milioni moja ziliuzwa. Robinett alilipwa mshahara wake, kiasi cha dola 22,000 kwa mwaka, wala hakuongezewa senti. Atari haikuwa ikitaja watunzi wake popote, na kwa sababu hiyo baadhi yao waliondoka mwaka 1979 wakaanzisha Activision. Robinett naye aliondoka mwaka huohuo, ila kabla ya kuaga alikuwa ameficha chumba. Ukiokota kidoti kimoja cha kijivu kisichoonekana vizuri, ukakifikisha penye ukuta fulani, ukuta unapitika, na ndani yake maandishi yanameremeta yakisema ni nani aliyeitunga. Kijana wa Salt Lake City alikigundua, akawaandikia Atari barua. Wakubwa waliamua kukiacha, na tangu hapo siri za aina hiyo zikaitwa mayai ya Pasaka. (Wanaosema ndiyo siri ya kwanza ya namna hiyo wanakosea. Starship 1 ya mwaka 1977 na Video Whizball ya 1978 zilitangulia.)

Mwaka 1980 Robinett aliungana na wanawake watatu kuanzisha The Learning Company: Ann McCormick, Leslie Grimm na Teri Perl. Hawa walikuwa watu wa elimu. Perl, kwa mfano, alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu wanawake waliobobea katika hisabati. Wao walijua mtoto anakwama wapi, naye alijua jinsi ya kumfanya mtoto asitake kuinuka kwenye kiti.

Matunda yake ni Rocky's Boots ya mwaka 1982, aliyoitunga pamoja na Grimm kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ukiifungua unakutana na kijiraba kilekile, safari hii cha rangi ya chungwa, kikipita chumba hadi chumba na kubeba vitu. Upanga na funguo za makasri hazipo. Vitu vya kubeba sasa ni vipande vya saketi. Tuseme umeagizwa kuunda saketi ya kuliendesha buti lipige teke kila msalaba wa bluu unaopita na kuyaacha maumbo mengine. Unachukua kifaa kinachohisi rangi ya bluu, na kingine kinachohisi msalaba. Ukiviunganisha moja kwa moja na buti, buti litapiga hata duara la bluu, nawe utapoteza pointi. Sharti uweke katikati kipande cha NA, kinachopitisha umeme pale tu vyote viwili vinapokubali. Kipo pia cha AU, kipo cha SI, na kisu cha kukatia nyaya ukikosea.

Umeme unaonekana ukitembea: waya uliopata nguvu unageuka rangi ya chungwa. Hapo ndipo ulipo ustadi wa ufundishaji wake. Mwanafunzi anayesoma mantiki ya kompyuta kitabuni hupewa jedwali la sifuri na moja, akalikariri. Mtoto wa Rocky's Boots anaona mkondo wake umeishia wapi, anaufuata kurudi nyuma, anahamisha kipande, anajaribu tena. Maelezo yaliyoandikwa ni machache. Vyumba vya mwanzo vinamfunza kwa kumpa kitu mkononi. Tena vipande vya aina hiyo ndivyo hasa vilivyoijenga kompyuta anayochezea.

Mwaka 1984, Robinett akiwa ameshaondoka, kampuni ilitoa Robot Odyssey juu ya msingi huohuo. Katika hiyo mchezaji huunganisha nyaya ndani ya roboti ili zimtoe katika mji wa chini ya ardhi, na ilikuwa ngumu kiasi kwamba watu wazima wengi waliishia njiani. Baadaye The Learning Company ikapita mikononi mwa wafanyabiashara. Mattel, watengenezaji wa Barbie, waliinunua mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3, na mwaka uliofuata wakaondokana nayo kwa hasara kubwa.

Robinett mwenyewe alihamia NASA, kisha Chuo Kikuu cha North Carolina. Huko alishiriki kuunda chombo kinachounganisha hadubini na mkono wa mashine, ambacho mtafiti akikishika anahisi mabonde na vilima vya uso wa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, na anaweza kukisukuma kitu hicho.