Bei za Jioni Kutoka Miami

Katika miaka ya 1970, Mmarekani wa kawaida mwenye hisa chache hakuwa na njia nyingi za kujua zimefunga kwa bei gani. Soko la New York lilifungwa alasiri, na asiyempigia simu dalali wake alingoja gazeti la kesho. Louis Rukeyser alikuwa akilieleza soko kwenye televisheni ya umma tangu 1970, lakini kipindi chake, Wall Street Week, kilikuja Ijumaa tu.

Tarehe 22 Januari 1979, kituo cha umma cha WPBT kilianza kurusha Nightly Business Report. Kituo hicho kilikuwa Miami, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Wall Street, na mimi naona umbali huo ulikisaidia kipindi: kilizungumza na mwenye akiba ndogo kama mtu aliye mbali na sakafu ya soko, sawa na yeye. Linda O'Bryon, mwandishi wa habari, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kando yake alikuwepo Paul Kangas, aliyewahi kuwa dalali wa hisa.

Kangas ndiye aliyekipa kipindi sauti yake. Kila jioni alitaja kampuni moja moja, bei iliyofungia na kiasi ilichopanda au kushuka, kwa utulivu uleule soko likicheka au likilia. Aliwaaga watazamaji kwa kuwatakia manunuzi mema, maneno ambayo kwa Kiingereza yana mlio wa kwaheri.

Kipindi kilianza kuonekana nchi nzima tarehe 19 Oktoba 1981. Wakati huo sheria ya kodi ya 1978 ilikuwa imefungua mlango wa akiba za uzeeni za wafanyakazi kuingia katika hisa, hivyo bei za soko zikaanza kugusa nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na dalali. Miaka sita baadaye, siku na mwezi uleule, fahirisi ya Dow Jones ilianguka pointi 508, yaani asilimia 22.6 kwa siku moja. Jioni kama ile, anayesoma namba bila kupandisha sauti anamtendea mtazamaji wema mkubwa.

CNBC ilianza mwaka 1989 ikirusha habari za soko mchana kutwa, kisha intaneti ikaweka bei mikononi mwa kila mtu. Kangas, aliyekuwa akitangaza pamoja na Susie Gharib tangu 1998, alistaafu siku ya mwisho ya 2009. Mwaka uliofuata kipindi kiliuzwa, kikauzwa tena 2011, na mwaka 2013 kikaangukia mikononi mwa CNBC yenyewe. Kiliendelea kuonekana kwenye vituo vya umma, sasa kikitengenezwa New Jersey, hadi 27 Desemba 2019. Kufikia hapo bei ya kufunga soko ilikuwa tayari kwenye simu ya mtazamaji, saa mbili na zaidi kabla mtangazaji hajasema habari za jioni.