Kishikwambi na kitochi

Neno kishikwambi, yaani tableti, wengi tulilizoea kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nacho nyumba kwa nyumba, Geita kama kwingineko. Baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu, na neno likahamia shuleni. Tarakilishi haikupata bahati hiyo. Ilikuta kompyuta imeshakalia kiti.

Kitochi, simu ya vibonye yenye tochi kichwani, hakikusubiri baraza la lugha. Mtaa ulikibatiza kwa kazi yake. Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, huku Geita, anayelala kambini, chaji ya siku kadhaa ina uzito kuliko kioo kipana. Nikiulizwa ninunue kipi kwanza, kitochi. Kishikwambi kizuri, ila kikidondokea kokoto (na huku hazikosekani), kioo tu chaweza kukugharimu kitochi kizima.