Mtumbwi Ulioshonwa kwa Sindano



Wiki iliyopita alinijia bibi harusi mtarajiwa kupima gauni la nikaha na nguo za fungate. Akaniomba pia nimshonee vazi la kustiri la kupandia kayaki, kwa sababu hoteli waliyochagua ipo ufukweni na vyombo hivyo vinakodishwa. Tukaelewana kitambaa na bei. Alipoondoka nikabaki nakifikiria chombo chenyewe, maana tangu nilipoijua asili yake sijakiona tena kama kiplastiki cha watalii.

Kayaki ilianza kama chombo cha kuwindia. Ni ya Wainuiti na jamaa zao wa nchi za barafu: Greenland, kaskazini ya Kanada, na Alaska. Wenyewe huiita qajaq. Sehemu nyingi za huko miti mikubwa haioti, basi mwanamume aliokota magogo yaliyoletwa na bahari, akachonga kiunzi na kukifunga kwa kamba za ngozi. Kipimo kilikuwa mwili wake mwenyewe. Katika Greenland kanuni moja iliyozoeleka ni urefu wa pima tatu za mikono yake, na upana wa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Kayaki ya mtu haikumkaa mwingine, sawa na gauni la kupimwa.

Kiunzi kikiisha, kilichobaki kilikuwa cha mwanamke, na hapo ndipo panaponigusa mimi fundi cherehani. Mke alichuna ngozi za sili, akazikwangua kwa kisu chake chenye umbo la nusu mwezi, kisha yeye na wenzake wakazivalisha kwenye kiunzi zikiwa bado mbichi na laini, wakishona haraka kabla hazijakauka na kukaza. Uzi ulikuwa kano za mnyama.

Sasa sikilizeni mshono wenyewe. Ngozi mbili zinalazwa moja juu ya nyingine. Sindano inapita ngozi ya kwanza, lakini ya pili inaingia nusu ya unene wake tu, haitokezi upande wa pili. Halafu unageuza, unashona pindo la upande wa pili vilevile. Hakuna tundu hata moja linalovuka, kwa hiyo maji hayana pa kupita. Juu yake hupakwa mafuta. Mimi nimejaribu kwenye vipande viwili vya ngozi ya mbuzi, nikatoboa mara nne kabla ya kupata sentimita tano!

Na kosa lao halikuwa la kurudishiwa nguo dukani. Maji yale ni ya barafu. Mtu akizama humo hana muda mrefu. Kila mke aliposhona alikuwa anamshonea mumewe uhai, na anajishonea asiwe mjane. Alimshonea pia koti la ngozi lenye kofia, lililofungwa usoni, viganjani na kwenye tundu la kukalia, ili kayaki ikipinduka aiinue tena bila maji kuingia. Mwindaji asiye na mshonaji nyumbani alikuwa na shida kubwa.

Chombo cha wanawake kilikuwepo pia, umiaq, kikubwa na cha wazi, cha ngozi vilevile. Katika Greenland wanawake ndio waliopiga makasia kuhamisha watoto, mahema na vyombo, wanaume wakiwa pembeni na kayaki zao. (Tusishangae sana, hata mtepe wa pwani yetu ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari.)

Starehe ilikuja baadaye. Mwaka 1865 mwanasheria John MacGregor wa Uingereza alizunguka mito ya Ulaya kwa chombo cha mbao kilichoiga kayaki. Kisha, mwaka 1907, Johann Klepper wa Rosenheim, Ujerumani, alinunua haki ya kutengeneza kayaki ya kukunja ya kitambaa, iliyobuniwa na mwanafunzi Alfred Heurich, ambayo mtu aliweza kupanda nayo treni. Kazi ya Klepper? Fundi nguo! Mashindano ya kayaki yaliingia Olimpiki ya Berlin 1936, na wanawake wakaruhusiwa London 1948. Plastiki hizi za ufukweni ni za juzijuzi tu.

Vazi la bibi harusi wangu nimelimaliza jana. Mshono wa mabega nimeupiga mara mbili.