Kutoka Dawa Baridi hadi Dawa Muhimu

Duka la dawa baridi, kwa Kiswahili cha Tanzania, ni duka dogo linalouza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Jina hilo halihusu jokofu. Baridi hapa ni kinyume cha kali: dawa za kichwa, kikohozi, tumbo na minyoo, ambazo mtu wa kawaida anaaminiwa kuzimeza kwa akili yake mwenyewe. Sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978 ilizungumza lugha nyingine kabisa. Iliziweka dawa katika mafungu ya sumu, na vidonge vya kichwa vikaangukia sumu za fungu la pili. Wateja hawakulitaka neno sumu. Lililopakwa rangi juu ya milango ni la kwao.

Biashara yenyewe ni kongwe kuliko sheria hiyo. Enzi za ukoloni Aspro, dawa ya maumivu, ilikaa dukani pamoja na sukari na sabuni, na aliyeipima sukari ndiye aliyezihesabu tembe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea klorokwini, na kwa miongo kadhaa homa yoyote ikatafutiwa dawa hiyo. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge kumi kwa siku tatu: vinne, vinne, viwili. Hesabu hiyo ilijulikana hadi vijijini, lakini fedha mfukoni zilikuwa na hesabu yake. Mwenye za vidonge vinne alinunua vinne, homa ikashuka, akarudi shambani. Wengine walikatiza kwa sababu klorokwini iliwawasha mwili mzima.

Mfamasia hakuwepo kwenye kaunta hiyo. Shahada ya famasi ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974, na wahitimu wachache waliotoka wakagawanywa kati ya hospitali kubwa, viwanda, ofisi za serikali na famasi za mijini. Kazi ambayo vitabu vinampa mfamasia, yaani kumuuliza mgonjwa ana umri gani, ameanza lini kuumwa na amekwisha kunywa nini, ikabaki kwa muuguzi msaidizi, na mara nyingi kwa ndugu wa mwenye duka.

Hali ya uchumi ndiyo iliyolipa duka hilo uzito. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za biashara, na zuio hilo likadumu hadi 1991. Miaka ya themanini zahanati za serikali ziliishiwa dawa mara kwa mara, ingawa kuanzia mwaka 1983 makasha ya dawa muhimu yalipelekwa vijijini kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Aliyepanga foleni tangu asubuhi, akaandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje, safari ya pili alianzia huko nje moja kwa moja. Huo haukuwa ujinga. Dukani hakuna foleni, kukopa kunawezekana, na muuzaji anamjua mgonjwa kwa jina.

Mteja alipokuja na kikohozi cha wiki mbili akitaka vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, sheria ilisema asiuziwe. Aliuziwa. Vilitolewa chini ya kaunta, kwa idadi aliyoimudu, ndani ya kipande cha karatasi kisicho na maelezo. Mkaguzi alipofika, kwenye rafu kulikuwa na dawa baridi tupu. Kwa miaka mingi serikali iliendelea kukataza na maduka yakaendelea kuuza.

Mwaka 2003, mwaka ambao sheria mpya iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa, mkoa wa Ruvuma ulianza kujaribu njia tofauti: Duka la Dawa Muhimu. Duka lililotimiza masharti ya jengo, usafi na kumbukumbu liliruhusiwa kuuza hadharani orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki za amoksilini na Septrin. Muuzaji alipaswa kuwa na msingi wa uuguzi, kisha akasoma kwa wiki kadhaa: kuuliza maswali, kuandika dozi kwenye bahasha, kujaza daftari, na kutambua dalili za hatari. Mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya hauziwi kitu. Anapelekwa kituo cha afya. Kupiga sindano kulibaki marufuku. Mfamasia naye akaingia dukani kwa mlango wa nyuma, kama mwalimu na msimamizi. Morogoro, Mtwara na Rukwa zikafuata, kisha mikoa mingine.

Malaria nayo iliwalazimisha wauzaji kujifunza upya. Klorokwini iliondolewa kwenye tiba ya kwanza mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, na nafasi yake ikachukuliwa na SP (sulfadoksini na pirimethamini), vidonge vitatu vya mkupuo mmoja. Wateja waliishuku: haikushusha homa haraka, basi wakaiongezea Panadol. Dawa mseto ya malaria ilipokuja, mtu mzima akatakiwa kumeza vidonge 24 kwa siku tatu, na bei yake mwanzoni ilikuwa kubwa mno kwa mnunuzi wa kijijini. Ruzuku ndiyo iliyoishusha, na mwaka 2010 pakiti zenye alama ya jani la kijani zikaanza kuingia madukani. Vidonge vilipangwa ndani ya pakiti kwa dozi kamili kulingana na uzito wa mgonjwa.

Tangu mwaka 2011 maduka haya yako chini ya Baraza la Famasi. Uganda na Liberia zimeanzisha maduka ya mfano huo. Tanzania kwenyewe, mtu aliyetumwa dukani kufuata Panadol bado anaambiwa aende dawa baridi, hata pale ambapo kibao kimebadilishwa zamani.