Wareno wa Pwani ya Mashariki

Sisi wa Mitwaba tu mbali na bahari, zaidi ya kilometa 1,000 upande wa mashariki na vile vile upande wa magharibi. Lakini tunapoweka bukari na sombe juu ya meza, Wareno wamo. Neno meza ni lao, kama bendera na padri. Muhogo wenyewe, ndio wao walioutoa Brazili katika karne ya 16, ukaja mkono kwa mkono hata milimani kwetu.

Watu hao walikuwa wa namna gani? Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi katika Aprili 1498. Mombasa hawakuelewana naye. Malindi mfalme alimpokea vizuri, akampa mwanahewa wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu nyingi, akaiteka Kilwa, akaichoma Mombasa. Mwanzo wenyewe ulikuwa moto, wala si vema kuuficha.

Ukitazama ramani utaona walivyokaa: Sofala, kisiwa cha Msumbiji, Mombasa, Faza. Karibu pote ni visiwa au midomo ya mito. Sababu si ngumu. Wareno walikuwa wachache sana, nguvu yao ilikuwa mizinga ya merikebu; kisiwa hulindwa na watu wachache, bara haiwezekani. Tena walingoja kusi iwapeleke Goa na kaskazi iwarudishe. Kwenye mto Zambezi tu ndiko walikopanda bara, hata Sena na Tete. Huko mfalme wa Ureno aliwapa mashamba makubwa kwa vizazi vitatu, na mara nyingi mrithi alikuwa binti, si mwana wa kiume. Wajukuu wao walikuwa Waafrika kwa rangi na kwa lugha, Wareno kwa jina.

Pwani pia askari wengi waliacha uaskari wakaoa wenyeji au wanawake wa Goa, wakafanya biashara ya pembe, nguo na nafaka. Jirani na jirani waliazimana chungu. Kapteni ndiye aliyekuwa taabu: alikaa miaka michache tu, akataka kutajirika upesi kabla ya kwenda zake.

Hayo ndiyo yaliyomponza Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aligombana na kapteni, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa Jerónimo, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 alirudishwa kutawala. Kapteni alimdharau kama mtumishi. Basi ikasemekana kwamba ameonekana usiku kaburini kwa baba yake, akisali kwa desturi ya Kiislamu; kapteni akakusudia kumpeleka Goa ahukumiwe. Yusuf akatangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni kama kwa kumwamkia kapteni, akamchoma kisu. Siku zilizofuata Wakristo zaidi ya 100 waliuawa, na mapadri pamoja nao. Usifikiri walikuwa Wareno peke yao: walikuwamo Waafrika, hata ndugu yake mwenyewe Dom António wa Malindi, waliochagua kufa kuliko kuikana dini. Hao hawakumdhulumu Yusuf wala baba yake. Ni vigumu kusoma habari hii bila kuwahurumia pande zote mbili, isipokuwa kapteni.

Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, Wareno wakarudi, lakini mambo hayakuwa kama zamani. Waarabu wa Oman waliizingira ngome tangu 1696, wakaitwaa katika Desemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza waliokuwamo. Wareno waliirudia 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Tangu hapo walibaki kusini ya mto Ruvuma tu.

Malindi lingali kanisa dogo lenye jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepita bandarini mle mwaka 1542, na nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba juu. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Mwitaliani Cairati, iliitwa Yesu, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Kwa Kireno kanisa ni igreja. Waswahili wakaliita jengo zima gereza, na Waingereza wakawafunga watu humo tangu 1895 hata 1958.