Umri wa Kuanza Baleti na Waliofika Wakiwa Wamechelewa

Baleti ni dansi ya jukwaani iliyolelewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, na ilianza kuwekewa kanuni rasmi nchini Ufaransa baada ya mfalme Louis XIV kuanzisha akademia ya dansi mwaka 1661. Mojawapo ya desturi zilizoshikiliwa kwa uthabiti katika sanaa hiyo ni ile inayotaka mchezaji aanze mafunzo akiwa bado mtoto, kwa kawaida kabla ya kuvuka miaka 10 au 11. Desturi hiyo hutetewa kwa sababu za maumbile, na sababu hizo zina uzito. Hata hivyo, historia ya shule zenyewe inaonyesha kwamba ilitokana vilevile na mahitaji ya dola iliyowalea na kuwaajiri wachezaji wake.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana Urusi. Shule ya dansi ya St Petersburg ilianzishwa mwaka 1738 chini ya mwalimu Mfaransa, Jean-Baptiste Landé, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa watumishi wa kasri. Kadiri shule hiyo ilivyokua, watoto walilazwa bwenini, wakalishwa na kuvishwa kwa gharama ya serikali ya kifalme, kisha wakahitimu wakiwa na miaka 17 au 18 na kuingia moja kwa moja katika utumishi wa majumba ya maonyesho ya kifalme, ambako mchezaji aliyetumika kwa miaka 20 alistahili kustaafu kwa pensheni. Katika mpango wa namna hiyo, kijana aliyebisha hodi akiwa na miaka 16 hakuwa na nafasi, hata kama mwili wake ungaliweza kufundishika.

Kuhusu mwili wenyewe, msingi wa baleti ni kuigeuza miguu kuelekea nje kuanzia kwenye nyonga, mkao ambao mtoto mwenye kano laini huzoezwa hatua kwa hatua, ilhali aliyekomaa, akiulazimisha kwa kupinda magoti na vifundo badala ya nyonga, huishia kuumia. Kwa wanawake kuna sharti jingine zito zaidi, nalo ni kucheza juu ya ncha za vidole kwa viatu vilivyokazwa mbele, ustadi unaohitaji nyayo na vifundo vilivyoimarishwa kwa muda mrefu. Mwanamume hupimwa zaidi kwa kuruka, kuzunguka na kumwinua mwenzake, kazi zinazotegemea nguvu ambazo huja baada ya kubalehe, na huenda hii ndiyo sababu wengi wa waliochelewa na bado wakafika kileleni ni wanaume.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 mpango huo wa kale ulilegea, na katika miaka ya 1920 shule ya St Petersburg, mji wake ukiwa wakati huo unaitwa Leningrad, iliendesha kozi za jioni zilizowapokea vijana waliokwisha kupita umri wa kawaida. Vakhtang Chabukiani alifika mwaka 1926 akiwa na miaka 16, baada ya mafunzo ya awali mjini Tbilisi, akahitimu mwaka 1929 na kuwa miongoni mwa wachezaji waliobadili kabisa nafasi ya mwanamume katika baleti ya Kisovieti. Konstantin Sergeyev naye alipitia kozi hizohizo kabla ya kuhitimu mwaka 1930.

Rudolf Nureyev aliingia shuleni hapo mwaka 1955, akiwa na miaka 17. Nyuma yake alikuwa na dansi za kienyeji na masomo ya vipande vipande aliyoyapata katika mji wa Ufa, na alikubaliwa kukamilisha kwa miaka mitatu mafunzo ambayo wenzake walikuwa wameyaanza utotoni. Chini ya mwalimu Alexander Pushkin, aliyemvumilia na kumsahihisha bila kumvunja moyo, alihitimu mwaka 1958, na kuanzia mwaka 1983 hadi 1989 aliongoza baleti ya Opera ya Paris.

Miongoni mwa wanawake, mfano wenye nguvu ni wa Misty Copeland wa Marekani, aliyeanza akiwa na miaka 13 katika klabu ya vijana huko California, familia yake ikiwa katika hali ngumu ya maisha. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mwenye asili ya Afrika kupewa daraja la mchezaji mkuu katika American Ballet Theatre. Kuchelewa kwake hakukutokana na uvivu wala kukosa kipaji, bali na kukosa mtu wa kumwonyesha mlango, na hali hiyo huwakuta watoto wengi wasiozaliwa karibu na majumba ya maonyesho.

Isidaiwe, basi, kwamba umri si kitu, kwani waliotajwa hapa ni wachache, nao walipata walimu wa daraja la juu na kufanya mazoezi makali kupita kiasi. Inayostahili kupingwa ni tabia ya kumfukuza kijana kwa kutazama cheti chake cha kuzaliwa kabla ya kumtazama akicheza. Sergeyev, mwanafunzi wa kozi za jioni, alikuja kuiongoza shule hiyohiyo ya Leningrad kuanzia miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 1992.