Nyumba moja, pande mbili: moto wa L'Isle-Verte na historia ya sheria zinazowalinda wazee

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 23 Januari 2014, moto uliwaka katika nyumba ya wazee iitwayo Résidence du Havre, kijijini L'Isle-Verte, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Kijiji hicho kiko kando ya mto Saint-Laurent, na wakaaji wake ni kama 1,500 tu. Nyumba ilikuwa na wazee 52. Kulipopambazuka, upande mmoja wa jengo ulikuwa umeteketea hadi chini, na upande wa pili ulikuwa bado umesimama. Wazee 32 walikufa.

Baridi ya usiku ule ilikuwa kali kupita kiasi, karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa ukivuma. Maji yaliyomwagwa na wazimamoto yaliganda juu ya mabaki ya nyumba. Siku zilizofuata ililazimu kuleta mashine za mvuke ili kuyeyusha barafu polepole, ndipo miili ipatikane. Jamaa walisubiri kwa siku nyingi bila kujua kama wazazi wao wamo humo. Katika kijiji kidogo namna ile, karibu kila ukoo ulikuwa na mtu wake mle ndani.

Kwa jamaa nyingi za Kivu, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana. Wakongomani wengi waliopata makao Kanada na Marekani wanafanya kazi katika nyumba za wazee: wanawaogesha, wanawalisha, wanawageuza kitandani, na usiku ndio wanaobaki macho. Kengele ya moto ikilia saa nane za usiku, huyo aliye zamu ndiye wa kwanza kuamua afanye nini. Ni vema ndugu waliobaki nyumbani wajue kazi hiyo inabeba mzigo gani.

Swali lililoulizwa baada ya msiba lilikuwa rahisi: kwa nini upande mmoja uliungua na mwingine ukabaki?

Jibu lilikuwa katika historia ya jengo lenyewe. Sehemu ya kwanza, ya mbao, ilijengwa mwaka 1997. Sheria ya wakati ule haikulazimisha nyumba ya aina hiyo kuwekewa vinyunyizio vya maji darini, kwa hiyo havikuwekwa. Mwaka 2002 wenye nyumba waliipanua. Sehemu hiyo mpya iliwekewa vinyunyizio, na kati yake na ile ya zamani ukajengwa ukuta maalumu wa kuzuia moto. Hakuna aliyerudi nyuma kuweka vinyunyizio kwenye sehemu ya zamani. Hivyo kwa miaka karibu 12 wazee waliishi chini ya paa la nyumba moja, wengine wakilindwa na maji darini, wengine bila ulinzi huo.

Kinyunyizio chenyewe si kitu cha ajabu. Ni bomba lenye maji linalopita darini, na kila baada ya hatua chache lina mdomo uliozibwa kwa kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika. Joto likifika kiwango fulani, mara nyingi nyuzi 68, kioo hupasuka na maji hutoka. Wengi hudhani kwamba midomo yote hufunguka pamoja na kuilowesha nyumba nzima. Sivyo. Hufunguka ile tu iliyopatwa na joto. Mara nyingi mmoja au miwili hutosha kuudhibiti moto kabla haujakua, na hapo mfanyakazi hupata dakika za kuwatoa watu.

Dakika hizo ndizo jambo lote. Kijana akisikia kengele hushuka ngazi mbio. Mzee wa miaka 88 anayetembea kwa kushikilia kigari hawezi. Tena yuko mzee mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Huyu aweza kusikia kengele asijue maana yake. Aweza kuogopa akajificha, au akatolewa nje kisha akarudi chumbani kutafuta viatu vyake. L'Isle-Verte ilikuwa na wazee wengi waliopita miaka 85, na baadhi yao walikuwa na ugonjwa huo. Usiku ule mhudumu aliyekuwa zamu alikuwa mmoja tu. Wazimamoto wa kijiji hawakuwa askari wa kudumu, bali wanakijiji walioamshwa vitandani, na walihitaji msaada wa vijiji jirani.

Serikali ya Quebec ilimpa Cyrille Delâge, mtu aliyechunguza mioto kwa miaka mingi, kazi ya kutafuta chanzo cha vifo vile. Ripoti yake ilitoka mwaka 2015. Alipendekeza vinyunyizio viwekwe katika nyumba zote za wazee, za zamani na mpya. Alitaka pia wahudumu wa usiku waongezwe na wazimamoto wa vijijini wafunzwe vizuri zaidi.

Pendekezo la kwanza linaonekana dogo, lakini liligusa kanuni ya siku nyingi. Katika nchi nyingi, sheria mpya ya ujenzi huhusu majengo yatakayojengwa baada yake. Jengo la zamani huachwa chini ya sheria ya siku lilipojengwa, mpaka mwenyewe aje kulikarabati. Kwa duka au ghala, hilo laweza kueleweka. Kwa nyumba ya wazee lina hatari yake, maana nyumba hubaki vilevile huku wakaaji wake wakizidi kudhoofika. Mtu huingia akitembea mwenyewe, na baada ya miaka mitano hawezi tena kuinuka kitandani. Kuta hazijabadilika, lakini nyumba imekwisha kuwa ya namna nyingine.

Quebec haikuwa ya kwanza kujifunza hivyo. Tarehe 17 Februari 1957, mjini Warrenton, jimbo la Missouri nchini Marekani, wazee 72 walikufa katika nyumba iitwayo Katie Jane. Jengo lile zamani lilikuwa la chuo. Lilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye miguu mizima, kisha likageuzwa kuwa makao ya watu wasioweza kushuka ngazi. Nje lilikuwa tofali, ndani mbao, na halikuwa na vinyunyizio. Mwaka 1963, huko Fitchville, jimbo la Ohio, moto mwingine uliua wazee 63.

Januari 1970, Ohio ilipata msiba tena, safari hii katika nyumba ya Harmar House mjini Marietta. Jengo hili halikuwa kuukuu. Lilijengwa kwa vifaa visivyoshika moto kwa urahisi. Kilichowaua zaidi ya wazee 30 ni moshi, na sehemu kubwa ya moshi huo ilitoka kwenye zulia la ukumbini lililokuwa na mpira chini yake. Tangu hapo Marekani ilianza kudai mazulia ya nyumba kama hizo yapimwe yanavyoshika moto. Somo kwa mkarabati lilikuwa wazi: mtu aweza kuwa na kuta imara, kisha akaingiza hatari kwa kubadilisha zulia, dari au pazia.

Hata hivyo vinyunyizio havikulazimishwa kila mahali. Mwaka 2003, moto mmoja mjini Hartford na mwingine mjini Nashville uliua wagonjwa na wazee zaidi ya 30 kwa jumla, na majengo yote mawili hayakuwa na vinyunyizio. Mwaka 2008 ndipo serikali ya Marekani iliamuru kila nyumba ya uuguzi inayolipwa kwa fedha za bima yake ya umma iwe navyo ifikapo tarehe 13 Agosti 2013. Kutoka Warrenton hadi tarehe hiyo ni miaka 56.

Scotland ilifundishwa jambo lingine. Tarehe 31 Januari 2004, katika nyumba ya Rosepark huko Uddingston, moto ulianzia ndani ya kabati lenye vifaa vya umeme. Haukuwa moto mkubwa wala haukudumu sana. Lakini milango mingi ya vyumba ilikuwa imeachwa wazi usiku, na moshi ukaingia walimolala wazee. Wahudumu walichelewa kuita wazimamoto, maana walianza kwa kutafuta wenyewe kengele imelilia wapi. Wazee 14 walikufa. Mlango wa kuzuia moto ambao hauwezi kujifunga wenyewe ni sawa na ubao tu.

Japani nayo ilipitia njia hiyo kwa nyumba ndogo za wagonjwa wa kusahau, ambamo wazee wachache huishi pamoja kama jamaa moja. Januari 2006, katika mji wa Omura, wazee 7 walikufa katika nyumba kama hiyo. Wakati huo sheria ilidai vinyunyizio kwa majengo ya mita za mraba 1,000 na zaidi. Kuanzia Aprili 2009 kipimo kilishushwa hadi mita 275. Machi 2010 wazee wengine 7 wakafa mjini Sapporo, na Februari 2013 moto ukaua tena katika mji wa Nagasaki. Kuanzia Aprili 2015 kipimo cha ukubwa kiliondolewa karibu kabisa kwa nyumba za namna hiyo. Kila mara sheria ilishuka hatua moja, na kila hatua ilikuja baada ya mazishi.

Kutokana na misiba hiyo kulitokea namna mpya ya kutazama ukarabati. Kanuni za usalama zinazotumika Marekani hutofautisha kazi: kutengeneza kilichoharibika, kubadilisha mpangilio wa vyumba, kuongeza sehemu mpya, au kugeuza matumizi ya jengo. Kadiri kazi inavyokuwa kubwa, ndivyo jengo la zamani linavyotakiwa kukaribia masharti ya jengo jipya. Katika toleo la mwaka 2012, kwa nyumba za uuguzi, ukarabati ukipita nusu ya eneo lililotengwa kuzuia moshi, au ukipita mita za mraba kama 420, eneo hilo lote lazima liwekewe vinyunyizio. Mwenye nyumba hawezi tena kupaka rangi na kuweka dari mpya kila mahali, kisha akasema jengo ni la zamani.

Kuna pia jambo la milango. Katika nyumba za wagonjwa wa kusahau, milango ya nje hufungwa, maana mgonjwa aweza kutoka usiku akapotea, na katika baridi ya Quebec huko ni kufa. Lakini mlango uliofungwa ni mtego moto ukiwaka. Kwa hiyo hutakiwa kufuli za umeme zinazojifungua zenyewe kengele inapolia au umeme unapokatika. Na kwa kuwa kuwashusha wazee wote hadi nje huchukua muda mrefu, jengo hugawanywa kwa kuta na milango ya kuzuia moshi. Mhudumu husukuma vitanda hadi upande wa pili wa mlango, kwenye ghorofa ileile, na kuwaweka salama huko mpaka msaada ufike.

Wakati wa ukarabati wenyewe, ulinzi huo wote hulegea. Fundi wa umeme hutoboa ukuta wa kuzuia moto apitishe waya, na tundu lisipozibwa moshi hupita hapohapo. Vikamata moshi hufunikwa visishike vumbi, kisha jioni husahaulika. Maji ya vinyunyizio hufungwa kwa siku kadhaa. Mbao na mifuko ya saruji hurundikwa mbele ya mlango wa dharura. Ndiyo maana, mfumo wa kengele au maji unapozimwa kwa muda mrefu, hutakiwa mtu wa kuzunguka jengo usiku na mchana, asiye na kazi nyingine ila kutazama moto.

Quebec ilikubali pendekezo la Delâge, lakini utekelezaji umekuwa mgumu. Nyumba za zamani zilipewa mpaka mwaka 2020. Tarehe hiyo ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Wenye nyumba ndogo za vijijini walisema gharama inawashinda hata kwa msaada wa serikali, na baadhi yao walifunga milango. Nyumba ya kijiji ikifungwa, mzee hupelekwa mbali na watoto wake na kanisa lake. Hilo nalo ni hasara ya kweli. Lakini waliofiwa L'Isle-Verte wanajua hasara ya upande wa pili, na kila kuahirisha kunawaacha wazee wengine katika vyumba kama vile vya upande wa mwaka 1997.

Huku Kivu nyumba za wazee za namna hiyo ni chache; mzee hukaa na wanawe. Lakini vita vimefanya jamaa nyingi zilale katika madarasa na makanisa, majengo yaliyojengwa kwa watu wa mchana wenye nguvu, si kwa watoto wachanga, wagonjwa na vikongwe wanaolala humo usiku na mishumaa na makaa. Jengo likigeuzwa matumizi, masharti yake nayo hubadilika, hata kama hakuna fedha ya bomba la maji darini. Viongozi wa mahali na kamati za wahami waweza kuanza na yasiyolipiwa: mlango wa pili usifungwe kwa kufuli usiku, njia ya kuufikia isizibwe kwa mizigo, jiko liwekwe nje, wasioweza kutembea walale karibu na mlango, na kila mmoja wao awe na mtu aliyetajwa kwa jina wa kumbeba. Hayo yapangwe mchana, kabla ya usiku wenye moto.